Binti Anapoomba Ruhusa ya Kwenda Songea Kucheza Mpira

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari ya kuhifadhi mahindi, lakini imetufikia barua iliyotufanya tuyaweke magunia kando. Imetoka kwa mama mwenzetu wa milimani kule Mbinga, kurasa tatu za daftari, mwandiko ulionyooka. Kwa ruhusa yake tunaitoa kwa ufupi, bila jina.

"Binti yangu ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Anacheza mpira wa miguu katika timu ya wasichana hapa kwetu. Wameshinda wilayani na sasa wanatakiwa kwenda Songea siku sita kushindana na wilaya nyingine. Baba yake anasema mpira si kazi ya mwanamke, ila neno la mwisho ameniachia mimi. Nikikataa, binti atanichukia. Nikikubali na jambo likatokea, nitaulizwa mimi. Nisaidieni."

Tuliisoma barua hii mara tatu. Tumezoea kuandikiwa habari za mume mlevi, mahari, mawifi na watoto wasioshika masomo. Hii ya mpira ilikuwa ya kwanza, na lazima tuseme ukweli kwamba sisi wenyewe hatukupatana. Wawili kati yetu walisema papo hapo, "Aende." Wa tatu alikaa kimya, kisha akasema yeye hawezi kutia mkono wake kwenye jibu la namna hiyo. Tulipomwuliza sababu, alitueleza habari ya binti wa jirani yake, miaka mingi iliyopita, aliyekwenda kwenye michezo akarudi na mimba ya mtu mzima aliyekabidhiwa kuwalinda watoto. Hatutaji kijiji wala mtu. Binti yule aliacha shule, na yule mtu mzima aliendelea na kazi yake.

Basi tukajua kwamba swali la mama huyu lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni kama mpira unamfaa msichana. La pili ni nani anakaa na mtoto wetu usiku akiwa mbali na nyumbani. Baba mtu ameuliza la kwanza. Mama, kwa jinsi tulivyomsoma, anaogopa la pili.

Tuanze na hilo la baba, kwa kuwa ni jepesi.

Wanaosema kwamba si desturi yetu mwanamke kusafiri kwenda kushindana mbele za watu, wamesahau kioda. Pwani yote ya Ziwa Nyasa, na huku milimani pia, wanaume walikuwa na mganda wao na wanawake kioda yao, ambayo wengine huiita kihoda. Bibi zetu walijipanga mistari, wakavaa sare, wakafanya mazoezi majuma mengi, kisha wakaalikwa kijiji kingine kucheza na kikundi cha huko. Walikwenda kwa miguu au kwa mtumbwi. Wenyeji waliwapikia na kuwalaza, na watu walikusanyika kutazama nani zaidi. Mwaka unaofuata waliokuwa wageni wakawa wenyeji. Kama hiyo si ligi, basi hatujui ligi ni nini. Tofauti ni kwamba bibi alikwenda na wanawake wenzake, wengi wao wakubwa kuliko yeye, na kule alikokwenda alilala kwa wanawake. Tutalirudia jambo hili.

Wengine husema mwili wa msichana haukuumbwa kwa shida hizo. Maneno haya tukiyasikia Umatengoni huwa tunacheka. Ni nani anayechimba ngoro? Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba juu ya mteremko, kisha mwanamke huingia na jembe, akachimba shimo baada ya shimo na kuzifukia zile nyasi, shamba zima, mlima mzima. Msichana aliyelelewa katika kazi hiyo akikimbia dakika tisini uwanjani, hapo kweli tumwonee huruma?

Wala wasitudanganye kwamba woga huu ni wa Waafrika peke yao. Uingereza, huko wanakojisifu kwamba ndiko mpira ulikozaliwa, wanawake waliokuwa wakifanya kazi viwandani wakati wa vita kuu ya kwanza waliunda timu zao. Mojawapo, Dick, Kerr Ladies ya mji wa Preston, ilicheza tarehe 26 Desemba 1920 katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool mbele ya watazamaji 53,000, na fedha za viingilio zikaenda kwenye misaada. Mwaka uliofuata chama cha mpira cha nchi hiyo kilitangaza kwamba mchezo huu hauwafai wanawake, kikavizuia viwanja vya wanachama wake visitumiwe nao. Katazo hilo lilikaa karibu miaka 50, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo baba wa Mbinga hayuko peke yake, ila amechelewa kidogo.

Sasa tuseme ngazi yenyewe ilivyo, kwa sababu akina mama wengi wanadhani watoto wanapiga mpira tu jioni na habari imeishia hapo. Mechi hizi za kwetu ni za ridhaa. Hakuna mshahara, na mara nyingi hata jezi ni za kuazima kwa timu ya wavulana. Tulichokiona sisi huko Mbinga na ufukweni ni timu chache, za shule au za mtaa, zinazokutana uwanja mmoja kwa siku chache. Wanaiita ligi, na mtu asiwacheke, maana ndiyo mzizi wa kila kitu. Anayeshinda wilayani hupimana na wilaya nyingine za Ruvuma. Bingwa wa mkoa huenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, na huko ndiko timu zinapotafuta nafasi ya Ligi Daraja la Kwanza ya Wanawake. Juu yake iko Ligi Kuu ya Wanawake. Ngazi yote iko chini ya TFF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, na wanawake wana chama chao, TWFA.

Ligi Kuu hiyo si ya zamani. Ilianza Novemba 2016 na timu 12 katika makundi mawili, na bingwa wa kwanza hakutoka kwenye klabu kubwa za Dar es Salaam. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Mlandizi mkoani Pwani, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa kupita tu ndani ya basi. Baada ya hapo JKT Queens na Simba Queens wameshikana kombe hilo kama mama na binti wanavyoshikana kitenge kimoja. Na ngazi haikomei hapo. Mwaka 2022 Simba Queens walitwaa ubingwa wa klabu za wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika na kumaliza nafasi ya nne. Mwaka uliofuata JKT Queens nao wakaenda Ivory Coast.

Mkoa wetu uliwahi kufika juu. Ruvuma Queens ya Songea ilicheza Ligi Kuu, na msimu wa 2020/21 ilikuwamo, wasichana wa huku kwetu wakipambana na Simba Queens na Yanga Princess. Haikudumu. Mwenye kujua jiografia ya nchi hii hataona ajabu. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Hesabuni wachezaji 18, mwalimu, matroni na mtu wa dawa, nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, na safari ya namna hiyo si moja kwa msimu. Timu ya jeshi au ya klabu tajiri haioni tabu. Timu ya mkoa wa pembezoni, ambayo mfadhili wake ni mfanyabiashara mmoja mwenye moyo mzuri, hudumu mpaka siku mfanyabiashara huyo anapochoka.

Udhamini nao una mambo yake. Kwa misimu kadhaa kuanzia mwaka 2018 Ligi Kuu hii ya mabinti ilibeba jina la bia mbele ya jina lake. Tulisikia akina mama wakinung'unika, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Lakini tulijiuliza pia: sisi tuliotaka mdhamini mwingine, tulipeleka nini? Katika vikundi vyetu vya kanisani tunachangia harusi mpaka tunakopa, na mpira wa binti hatujawahi kuuchangia hata maji ya kunywa.

Kuna jambo moja la shukrani. Shirikisho la Afrika, CAF, limeweka sharti kwamba klabu ya wanaume inayotaka kucheza mashindano yake iwe na timu ya wanawake. Sharti hilo limefungua milango ambayo hotuba za miaka mingi hazikuifungua.

Na matunda yameonekana. Oktoba 2022 timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia, na ikawa timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kufika fainali za Kombe la Dunia. Walifungwa na Japani mabao 4-0, na tulidhani safari imekwisha. Wakawafunga Wafaransa 2-1. Wakatoka sare 1-1 na Kanada. Wakaingia robo fainali, wakatolewa na Kolombia 3-0. Watoto wa kidato cha pili na cha tatu! Dada zao wa Twiga Stars walikuwa wamekwisha kufika fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, wakapoteza mechi zote tatu. Iliwachukua miaka 15 kurudi: Julai 2025 walikuwa Morocco, wakatoka sare na Afrika Kusini bao 1-1. Clara Luvanga, aliyewahi kuchezea Yanga Princess, alisajiliwa mwaka 2023 na Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement alitoka Simba Queens akacheza Uturuki.

Tunayataja majina haya kwa uangalifu. Mama, usimwambie binti yako kwamba akienda Songea atarudi na tiketi ya ndege. Kwa kila mmoja anayefika huko wako mamia waliobaki na goti bovu na mtihani walioukosa. Asome, na acheze kwa kuwa anapenda kucheza. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha, ingawa sisi wazazi hatujazoea kuwapa mabinti sababu ya namna hiyo. Mvulana akisema "napenda tu," tunamnunulia mpira.

Goti tumelitaja, na tuliseme sawasawa. Wasichana huumia kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Yako mazoezi ya kupasha mwili joto yaliyotayarishwa chini ya FIFA, yanaitwa 11+, huchukua kama dakika 20, na timu inayoyafanya kwa bidii hupunguza majeraha. Hayahitaji kifaa chochote isipokuwa mpira na mwalimu asiye mvivu. Mwulize mwalimu kama anayajua. Kuhusu tumbo la uzazi, habari kwamba mpira humfanya msichana asizae ni maneno ya barazani. Kinachodhuru ni njaa. Msichana anayekimbia kila jioni huku akila ugali na mboga ya maji mara moja kwa siku anaweza kukosa hedhi kwa sababu mwili umeishiwa, na mama asiyejua atadhani ni mimba na kumpiga bure. Aongezewe maharage, majani ya kunde au ya maboga, na dagaa wa ziwani wanaopanda milimani kila siku ya soko. Damu anayopoteza kila mwezi lazima irudishwe.

Na safari siku hizi si ile ya zamani. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66. Tunazikumbuka kwa utelezi, kwa lori lililolala ubavu kwenye kona, kwa usiku tuliolala njiani na watoto mgongoni. Sasa ni lami. Binti wa ufukweni anaweza kupanda asubuhi, akacheza Mbinga mchana, akarudi kwao kabla ya giza. Kinachochekesha ni kwamba barabara imekuja baada ya wilaya kugawanywa: mwaka 2012 Nyasa ilitengwa na Mbinga, na wasichana ambao wangekuwa timu moja sasa ni wapinzani. Mechi yao mmoja wetu ameiona. Wale wa ziwani waliimba kuliko walivyocheza, na bado wakashinda.

Sasa tulirudie lile swali la mama, lile la usiku.

Mwenzetu aliyekataa alituambia, "Nitakubali mkinionyesha mahali atakapolala." Tukaona hilo ndilo jibu lenyewe. Bibi aliyekwenda kioda alilala kati ya wanawake. Binti wa leo anapelekwa na mwalimu wa kiume, dereva wa kiume, kiongozi wa kiume, analazwa darasani kwenye shule iliyo kimya kwa likizo. Haitoshi kusema tumewaamini. Watu wema hawaoni vibaya kuulizwa.

Kwa hiyo tulimwandikia hivi. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu, usitume mtu, na ikiwezekana uende na wazazi wengine wa timu, maana mama mmoja huitwa msumbufu, lakini mama wanane ni kamati. Uliza jina la matroni, na kama hakuna matroni, timu isiondoke. Chagueni mama mmoja kati yenu, mchangieni nauli, aende naye. Uliza wanalala wapi, mlango unafungwa kwa nini, choo kiko umbali gani na kuna taa. Uliza nani ana simu, na namba yake iandikwe kwenye karatasi anayobaki nayo binti, wala si kwenye simu yake pekee. Pasiwe na mwanamume wa kumwita msichana mmoja peke yake chumbani au kwenye gari kwa sababu yoyote, hata awe anagawa jezi. Hilo liseme mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, na utazame nani anakunja uso.

Na kabla ya hayo yote, kaa na binti yako. Mwambie kwamba likimtokea jambo lolote, kosa haliwi lake na nyumbani atapokelewa. Wengi wamenyamaza kwa kumwogopa mama kuliko kumwogopa aliyewatenda. Yule binti wa jirani aliyetajwa hapo mwanzo, mwenzetu anasema, alimwambia mama yake baada ya miezi minne. Siku zile shule ilimfungia mlango. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, na tunashukuru, lakini hakuna mama anayetaka kuifikia ruhusa hiyo.

Kwa baba hatukuandika hotuba. Tulimshauri mama amwombe jambo moja tu: aende uwanjani jioni moja, asimame pembeni, atazame. Tena asiende siku ya mechi, aende siku ya mazoezi, wakati hakuna kelele.

Tulikuwa tumekwisha kupeleka ukurasa huu kiwandani ilipokuja barua ya pili, fupi. Baba alikwenda. Hakusema neno siku hiyo wala siku ya pili yake. Siku ya tatu alikwenda peke yake kwa mwalimu na kuuliza chumba cha wasichana kitafungwa na nini, na mwalimu aliposema kuna komeo la ndani, alirudi mjini akanunua kufuli kwa fedha iliyokuwa ya dawa ya kahawa. Akina mama wa timu wamemchangia nauli mjane mmoja mwenye sauti kubwa, ndiye matroni. Basi linaondoka Mbinga Alhamisi alfajiri. Mama anaandika kwamba amekaanga dagaa na mihogo ya siku mbili, na kwamba njumu za kaka yake ni kubwa kidogo, kwa hiyo wamezijaza matambara kwenye vidole.